Nyota niliyoichora Septemba haipo tena: imekufa, au ni macho yangu?

Swali: "Mimi ni dereva na mwongoza watalii, nakaa Sakina, Arusha. Wageni wakishamaliza kula kambini hupenda kuuliza habari za nyota, kwa hiyo nimejifunza kidogo na ninalo daftari la michoro. Katikati ya Septemba tukiwa Tarangire, kama saa sita usiku, niliona upande wa mashariki nyota yenye wekundu, inang'aa karibu sawa na jirani yake. Ilikuwa kwenye mstari kati ya nyota mbili angavu, karibu zaidi na ile ya upande wa kaskazini-mashariki. Niliichora. Wiki iliyopita, mwishoni mwa Januari, nilikuwa Tarangire tena, anga safi, hakuna mwezi. Nikawaambia wageni nitawaonyesha nyota nyekundu. Zile mbili zipo, yenyewe haipo! Niliona aibu. Mgeni mmoja akasema huenda ilikuwa Mars na imeshasogea. Dereva mwenzangu akasema imelipuka. Mke wangu anasema ni macho, maana nina miaka 47 na siku hizi nikisoma simu naisogeza mbali. Gari ndiyo riziki yangu, kwa hiyo hilo la macho linaninyima usingizi. Ipi ni kweli?"

Ndugu yangu, nikutoe hofu kwanza. Nyota yako haijafa, haijalipuka, na kwa ushahidi huu macho yako hayana kosa. Ipo palepale ulipoichora. Imefifia hadi jicho la mtu yeyote, hata la kijana wa miaka 20, haliwezi kuiona bila msaada, na itarudi. Inaitwa Mira, iko katika kundi la Nyangumi, na ndiyo nyota geugeu mashuhuri kuliko zote za aina yake.

Najuaje bila kuuona mchoro wenyewe? Kwa huo mstari wako. Nyota mbili ulizozitaja ni Menkar, ile ya kaskazini-mashariki, na Diphda, ile ya kusini-magharibi. Ukivuta mstari kutoka Menkar kwenda Diphda, Mira inakaa juu ya mstari huo karibu kabisa na theluthi ya njia. Hapo hapana nyota nyingine nyekundu ya kung'aa hivyo. Ungekuwa umeandika tu "nyota nyekundu upande wa mashariki" ningebaki kubahatisha, kwa hiyo daftari hilo usiliache.

Aibu uliyoipata ina historia ndefu. Tarehe 3 Agosti 1596 mchungaji mmoja wa Frisia, pwani ya kaskazini ya Ujerumani ya leo, David Fabricius, aliiona nyota hii, akaifuatilia, na kufikia Oktoba ikawa imetoweka. Akaamini ameona nyota mpya iliyowaka mara moja ikazimika moja kwa moja. Mwaka 1609 akaikuta tena mahali palepale. Ilibidi isubiriwe hadi 1638, Johannes Holwarda alipoichunguza, ndipo ikafahamika kwamba inakwenda na kurudi kwa mzunguko wa miezi kama 11. Leo tunasema siku 332 hivi. Kwa hiyo mtu aliyetazama anga kwa bidii sana kuliko mimi na wewe alikwama kwenye swali lako kwa miaka 13.

Sasa hayo uliyoambiwa. Mgeni wako hakusema upuuzi. Mirihi, ndiyo hiyo Mars, ni nyekundu na kweli husogea kati ya nyota. Lakini njia ya sayari hupita kaskazini zaidi ya hapo, kwenye makundi ya Samaki na Kondoo, na haingii katikati ya Menkar na Diphda. Halafu ungeitazama siku chache mfululizo ungeona inahama. Hoja ya kulipuka tutaifikia. Ipo na dhana moja ambayo hukuitaja, ila wengi huniuliza: je, si nyota nyingine imepita mbele ikaikinga? Ziko nyota za hivyo. Algol, kwa mfano, hukingwa na mwenzake kila baada ya siku tatu kasoro. Mira nayo ina mwenza, nyota kibete nyeupe, lakini wawili hao huzungukana kwa karne kadhaa. Mwenza wa namna hiyo hawezi kuizima na kuiwasha kila mwaka.

Kinachotokea kinatokea ndani ya Mira yenyewe, na hapa naomba uvumilivu kidogo.

Mira ina mada, yaani kiasi cha vitu vilivyomo ndani yake, inayokaribiana na ya Jua letu, imezidi kidogo tu. Tofauti ni umri. Haidrojeni ya kiini chake ilikwisha zamani. Kiini sasa ni kaboni na oksijeni iliyoshindiliwa hadi ukubwa wa kukaribia Dunia, na kukizunguka kuna maganda mawili membamba yanayounguza nyuklia, la ndani la heliamu na la nje la haidrojeni. Moto huo wa maganda ni mkali kuliko ule wa ujanani, na umeisukuma gesi yote ya juu mbali mno. Kipenyo cha Mira leo ni mara mia tatu na zaidi ya kipenyo cha Jua. Ingewekwa mahali pa Jua ingeimeza Dunia. Ndiyo maana nyota za namna hii huitwa majitu mekundu: makubwa kupita kiasi, na usoni yamepoa, nyuzi kama 3,000 tu wakati Jua lina karibu 5,500. Kwa nyota, huko ni kupoa.

Jitu la namna hiyo halitulii. Hutuna na kunywea, hutuna na kunywea. Sababu ni tabaka moja lililo chini ya uso wake, ambamo haidrojeni iko nusu nusu: atomu nyingine zimeshapoteza elektroni zake, nyingine bado. Nyota inaponywea, tabaka hili hubanwa. Joto linalotoka kiinini kwenda nje linafika hapo na badala ya kupita linatumika kuzing'oa elektroni, na gesi yenyewe inakuwa nzito kupitisha mwanga. Joto linarundikana chini, shinikizo linapanda, gesi ya juu inasukumwa nje. Nyota ikishatuna, tabaka linalegea na kupoa, elektroni zinarudi kwenye atomu zake, joto lililofungiwa linapata njia na kutoka. Shinikizo linashuka. Hapo uvutano wa nyota unaivuta gesi yote irudi chini, inapitiliza mahali pa kutulia, tabaka linabanwa upya, na mchezo unaanza tena. Fikiria sufuria ya mtori yenye kifuniko kizito: mvuke unajikusanya, unakiinua kifuniko, unatoka, kifuniko kinaanguka, unajikusanya tena. Jikoni hiyo ni kazi ya sekunde. Kwenye Mira gesi ni nyepesi mno na safari ni ya mamilioni ya kilomita, ndiyo maana mpwito mmoja unachukua miezi 11. Nyota ndogo na zilizoshikana zaidi hupwita haraka: Delta Cephei, ambayo si jitu la kiasi hiki, humaliza mzunguko wake kwa siku tano na kitu.

Watu wakishasikia hivyo hudhani nyota inang'aa zaidi inapotuna, kwa kuwa imekuwa kubwa. Sivyo. Inang'aa zaidi inapokuwa na joto zaidi, na inapotuna sana hupoa.

Na kupoa huko ndiko kulikokuchezea wewe na wageni wako. Ukipima nishati yote inayotoka Mira, tofauti kati ya kilele na bondeni ni ndogo, mara mbili au tatu hivi. Lakini mwanga unaoonekana kwa macho hushuka mara mamia. Sehemu iliyobaki ya nishati hiyo imekwenda wapi? Kwenye mionzi ya infraredi, ambayo ngozi huihisi kama joto lakini jicho haliioni. Jitu jekundu hutoa sehemu kubwa ya mwanga wake huko hata siku zake nzuri, na likipoa kidogo tu, kile kidogo kilichobaki upande wetu kinapungua sana. Juu ya hilo kuna pazia. Hewa ya juu ya nyota ikishapoa vya kutosha, atomu za titani na oksijeni zinashikamana kuwa molekuli za oksidi ya titani, na molekuli hizo zinameza hasa mwanga ule tunaouona. (Ndugu yake mwenye oksijeni mbili ndiye anayetiwa kwenye rangi nyeupe ya ukuta.) Nyota ikipata joto tena molekuli zinavunjika na pazia linafunguka. Kwa hiyo usiku ule Tarangire, Mira ilikuwa bado inamwaga joto lake kuelekea kwenu karibu kama Septemba. Mlichokosa ni sehemu inayoonekana tu.

Kwa kipimo cha wanajimu wa sayansi, ambacho namba ikiwa kubwa mng'ao ni mdogo, Mira katika kilele cha kawaida hufika 3 au karibu nayo, na bondeni hushuka hadi 9 au hata 10. Jicho zuri porini huishia 6. Pale Sakina, kwa taa za mji, usitegemee kuvuka 4. Maana yake sehemu kubwa ya mwaka wa Mira haionekani kwa macho matupu. Hupanda haraka na kushuka polepole: ngazi ya kupanda ni kama miezi minne, ya kushuka ni miezi saba hivi. Na si saa ya ukutani. Mwaka 1779 mtazamaji anga mashuhuri William Herschel aliiona imekaribia Aldebaran, ambayo ni miongoni mwa nyota angavu kabisa angani. Vilele vingine haivuki 4, na mtu wa mjini anapitwa asijue. Nani awalaumu wazee kwa kutokuwa na habari zake?

Sasa hilo la kulipuka. Mira haitalipuka, kwa kuwa haina mada ya kutosha. Mwisho wake ni wa kujivua. Kila ikipwita, gesi ya juu inainuliwa mahali penye baridi, vumbi linaganda humo, mwanga wa nyota unalisukuma vumbi nalo linaburuta gesi kwenda zake. Mwaka 2007 darubini ya anga ya Marekani iitwayo GALEX ilionyesha kwamba Mira, inayokimbia angani kwa kasi ya kama kilomita 130 kwa sekunde, imeacha nyuma yake mkia wa gesi wenye urefu wa miaka ya nuru 13 (mwanga huhitaji miaka 13 kuumaliza), uliokusanyika kwa miaka 30,000 hivi. Ikishamaliza kujivua, kitabaki kile kiini, kibete nyeupe kinachopoa taratibu. Jua letu nalo linaelekea huko, baada ya kama miaka bilioni tano, kwa hiyo mikopo ya magari italipwa kwanza.

Mgeni akikuuliza kuhusu kulipuka, kuna uwezekano anachanganya na Betelgeuse, ile nyekundu ya Orioni. Hiyo ni jamii nyingine, jitu kuu lenye mada nyingi zaidi. Nayo hupwita, ila kidogo na bila mpangilio mzuri. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 ilififia hadi dunia nzima ikaanza kusema inalipuka, kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa wingu la vumbi lililotoka kwenye nyota yenyewe. Italipuka siku moja, labda baada ya miaka elfu nyingi, na kwa umbali wake haitatudhuru.

Unafanya nini sasa? Usingoje irudi. Wewe una kitu ambacho wengi hawana: ile darubini ya macho mawili unayowapa wageni watazamie chui. Ya 8x42 (inakuza mara nane, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42) inatosha. Kama Septemba ilikuwa kilele au karibu yake, kwa sasa Mira imeshuka hadi kama 7, na porini darubini hiyo inaifikia. Mwishoni mwa Januari saa mbili usiku iko juu sana, imeinamia kidogo magharibi. Tafuta Menkar, nenda theluthi ya njia kuelekea Diphda, kiasi cha ngumi moja na ushee ukiwa umenyoosha mkono. Huko utakuta vinyota kadhaa hafifu, kwa hiyo unahitaji ramani. Chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota geugeu, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hutoa ramani za eneo hilo bure kwenye tovuti yake, zikiwa na namba ya mng'ao wa kila nyota ya jirani, na hupokea makadirio ya mtu yeyote, hata ya macho matupu. Programu za simu nazitumia pia, ila angalia: baadhi huchora Mira kwa mng'ao uleule mwaka mzima, na hizo zitakuaibisha kwa wageni mara ya pili.

Darubini kubwa ya kununua sikushauri, angalau si kwa ajili ya Mira. Ni ghali, gari la safari litaitikisa hadi iharibike, na kwa kazi hii 8x42 inatosha karibu mzunguko mzima. Kupungukiwa kutakuwa bondeni kabisa tu.

Kuanzia mwisho wa Machi Jua linakuwa upande ule ule wa anga na Mira inapotea kwenye mwanga wake, na mawingu ya masika yanamalizia. Itafute tena kuanzia Juni, alfajiri, mashariki. Kilele kijacho kitaangukia kama katikati ya Agosti, kwa sababu mzunguko ni mfupi kuliko mwaka na kila kilele kinatangulia kwa mwezi mmoja hivi. Ni msimu wako wa wageni wengi, lakini itabidi waamshwe: Agosti saa tisa usiku iko juu vizuri, saa tatu usiku bado haijachomoza. Kupima mng'ao ni rahisi. Ilinganishe na Menkar, ambayo ni 2.5, na Gamma Ceti ya jirani, 3.5. Ikiwa katikati yake, andika 3.0, tarehe na saa. Usiikodolee, tupia jicho na uondoe, maana jicho likikazia nyota nyekundu gizani huiona inazidi kung'aa.

Na wageni waambie jambo hili, wengi hawalijui: Mira iko nyuzi tatu kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya Dunia, na Arusha na Moshi ziko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta ya Dunia. Kwa hiyo ikifika juu kabisa inapita karibu sawasawa na utosi wako. Desemba kwenye tarehe 20 hivi, saa tatu usiku, mtu akilala chali kwenye mkeka anaitazama moja kwa moja. Ulaya wanaipata imeinama kusini, kupitia hewa nyingi zaidi.

Limebaki la macho. Kusogeza simu mbali katika umri wako ni jambo la kawaida, lenzi ya jicho imeanza kuwa ngumu, na hilo huharibu kuona karibu, si nyota. Jipime mwenyewe porini kwa Kilimia: watu wengi huhesabu nyota sita. Na Menkar na Diphda uliziona bila shida. Lakini mchezo huu wa Kilimia si kipimo cha daktari, na mtu anayebeba abiria usiku asitegemee huo peke yake. Kama taa za magari yanayokuja zimeanza kuwa na duara la mwanga au zinakuumiza kuliko zamani, kama jicho moja linaona ukungu, kama unajikwaa gizani mahali ambapo wenzako wanapita, au kama una kisukari au shinikizo la jicho kwenye ukoo, panga siku uende kliniki ya macho. Hospitali ya KCMC pale Moshi wana idara ya macho, na kutoka Sakina unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ukiona vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja, usipange siku: nenda siku hiyohiyo, na usiendeshe wewe. Bila dalili hizo, kapime macho kwa ajili ya miwani ya kusomea, na umwambie anayekupima kwamba unaendesha usiku, ili aangalie na presha ya jicho na pembe za kuona, si herufi za ukutani tu.